Betty Reid Soskin: Mlinzi wa hifadhi aliyestaafu akiwa na miaka 100

BETTY Reid Soskin alikuwa amepita umri wa miaka 80 alipovaa kwa mara ya kwanza sare ya Idara ya Hifadhi za Kitaifa ya Marekani. Hakuivua hadi Machi 31, 2022, alipostaafu akiwa na miaka 100 na sifa ya kuwa mlinzi wa hifadhi mkongwe zaidi nchini humo.

Hifadhi aliyoitumikia haina wanyamapori. Ipo mjini Richmond, jimbo la California, na ilianzishwa mwaka 2000 kuenzi raia, hasa wanawake, waliofanya kazi viwandani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Karakana za Richmond ziliunda meli 747 katika kipindi hicho.

Bi Soskin alizaliwa Detroit Septemba 22, 1921, akalelewa New Orleans kisha Oakland. Alikuwa kitukuu wa Leontine Breaux Allen, mwanamke aliyezaliwa utumwani mwaka 1846.

Wakati wa vita alikuwa karani katika afisi ya chama cha wafanyakazi iliyotengewa watu weusi, kwa kuwa chama kikuu cha mafundi wa karakana hizo kilikataa kuwapokea kama wanachama kamili. Mnamo 1945, yeye na mumewe, Mel Reid, walifungua duka la santuri mjini Berkeley, ambalo lilidumu hadi 2019.

Mipango ya hifadhi ilipoanza, Bi Soskin alihudhuria vikao kwa niaba ya mbunge wa jimbo hilo. Alijikuta mtu mweusi pekee chumbani. Aliona kwamba majengo yaliyopendekezwa kuhifadhiwa yalikuwa yaleyale yaliyowahi kuwabagua watu weusi, ilhali wenzake hawakulitambua hilo. Alishikilia kwamba historia hukumbukwa kutegemea ni nani aliyepo inapoandikwa, na kwamba taswira ya mwanamke mzungu wa kiwandani haikuwa hadithi yake.

Hivyo basi, kutoka mshauri akawa mlinzi, na mwaka 2011 akaajiriwa kwa mkataba wa kudumu. Katika ukumbi mdogo wa hifadhi, aliwasimulia wageni mambo ambayo vitabu vingi viliyaacha. Miongoni mwayo ni mlipuko wa Port Chicago wa Julai 17, 1944, ulioua watu 320, wengi wao wanamaji weusi waliokuwa wakipakia silaha melini. Wenzao 50 waliokataa kurejea kazini katika mazingira hayo hatari walihukumiwa kwa uasi. Jeshi la wanamaji liliwaondolea hatia mwaka 2024, miaka 80 baadaye.

Heshima zilimfuata uzeeni. Desemba 2015 alimkaribisha jukwaani Rais Barack Obama katika sherehe ya kuwasha taa za mti wa Krismasi wa kitaifa jijini Washington. Alipata kiharusi mwaka 2019, lakini alirejea kazini miezi michache baadaye. Alipotimiza miaka 100 mnamo 2021, shule moja ya El Sobrante, California, ilipewa jina lake.

Bi Soskin alifariki nyumbani kwake Richmond Desemba 21, 2025, akiwa na umri wa miaka 104. Historia aliyopigania sasa ni sehemu ya masimulizi rasmi ya hifadhi hiyo.