Faiba Mlima Kenya: Faida iko mlangoni pa mteja, si baharini

MSTAAFU wa Nyeri aliye na kiinua mgongo chake, au mwenye nyumba za kupangisha mjini Karatina, anaposikia kwamba nyaya za faiba ndizo biashara ya kesho, yafaa kwanza ajue fedha za sekta hii hupatikana wapi na hupotelea wapi.

Hadi mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za ng’ambo. Mwaka huo nyaya za TEAMS, zilizotoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, na zile za SEACOM zilifika Mombasa. EASSy ilifuata mwaka wa 2010.

Serikali nayo ilikuwa imeanza mwaka wa 2007 kujenga uti wa mgongo wa kitaifa, NOFBI, ambao awamu yake ya kwanza ilikuwa na takriban kilomita 4,300.

Bei ya jumla ya intaneti iliporomoka. Hilo lilikuwa neema kwa mtumiaji, lakini aliyetegemea kuuza nafasi katika nyaya kuu aliona bidhaa yake ikishuka thamani.

Mfano ni Kenya Data Networks (KDN), iliyokuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kutandaza faiba nchini. Mwaka wa 2013 ilimezwa na Liquid Telecom. Kutangulia kuchimba mtaro si sawa na kutangulia kuvuna.

Hesabu ya mlangoni

Gharama kubwa ya faiba haimo katika uzi wenyewe wa kioo, bali katika kuchimba mitaro, kusimamisha au kukodi nguzo, na kulipia vibali. Uzi mmoja waweza kugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Wakijiunga wateja 30, mzigo ni mwepesi. Wakijiunga watano, gharama ya mtaro ni ile ile.

Ndiyo sababu msongamano wa watu ni jambo la msingi. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Nyeri ilikuwa na watu 759,164, yaani takriban 228 kwa kila kilomita mraba. Jirani yake Laikipia ilikuwa na takriban 54. Hata hivyo, wastani wa kaunti hauonyeshi hali ya mji kama Nanyuki, wala hauonyeshi migongo na mabonde ya Othaya na Mukurweini, ambako nyumba zimejipanga kando ya barabara za matutani.

Maeneo yenye matumaini ni yale ya vyumba vingi chini ya paa moja, hasa karibu na vyuo vikuu vya Dedan Kimathi, Karatina, Chuka, Embu na Meru. Lakini wanafunzi huenda likizo, na mteja anayelipa mwezi kwa mwezi aweza kukatiza huduma wakati wowote.

Hatari zilizopo

Barabara inapopanuliwa, kama ile ya Kenol-Sagana-Marua ya takriban kilomita 84, nyaya zilizozikwa kandoni huenda zikalazimika kuhamishwa. Nguzo za umeme nazo ni mali ya mwingine, na masharti ya kuzikodi hubadilika.

Aidha, Starlink iliingia nchini Julai 2023, na setilaiti zake hazihitaji mtaro kufika shambani. Tena Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, huduma zilizorota Afrika Mashariki. Mteja wa Nyeri halaumu bahari. Humlaumu anayemtoza kila mwezi.

Maswali ya kuuliza

Safaricom, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka wa 2008, huuza faiba pia, lakini mapato yake makuu hutokana na simu na M-Pesa. Anayenunua hisa zake hanunui faiba pekee.

Anayealikwa kuingia ubia na kampuni ndogo ya mtaani aulize mambo matatu: Je, ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA)? Je, ina mkataba wa maandishi wa nguzo au mitaro? Na je, ni nyumba ngapi zinazolipa, si nyumba ngapi ambazo nyaya zimezipita? Kampuni isiyoweza kujibu swali la tatu haistahili akiba ya mtu.

Kwa mwenye nyumba, uwekezaji salama zaidi ni mabomba ya kupitishia nyaya yanayowekwa jengo linapojengwa. Gharama yake ni ndogo, na kampuni yoyote itakayokuja itayahitaji.

Mwaka wa 2022, Serikali ilitangaza mpango wa kutandaza kilomita 100,000 za faiba. Kadiri unavyotimia, ndivyo njia kuu zitakavyozidi kuwa nafuu. Kitakachobaki na thamani ni hatua ya mwisho, kutoka nguzoni hadi mlangoni, na mteja anayelipa akiwa ndani.