Kupima Kusimama kwa Wagonjwa wa Kiharusi Riyadh na Jeddah

Ili mtu asimame wima, macho, sikio la ndani, nyayo na misuli ya kiwiliwili hufanya kazi kwa pamoja, na ubongo ndio unaoviongoza vyote. Kiharusi kikiharibu sehemu ya ubongo, uongozi huo hulegea. Wagonjwa wengi huegemea upande uliobaki mzima kwa sababu mguu uliopooza haubebi sehemu yake ya uzito. Wachache hufanya kinyume: hujisukuma kuelekea upande ulioathirika, na humpinga anayejaribu kuwanyoosha. Kwa hiyo katika vituo vya utengamao vya Riyadh na Jeddah, kama kwingineko, mgonjwa hupimwa mapema kama anaweza kusimama, kwa muda gani na kwa msaada wa kiasi gani.

Upimaji wenyewe ni wa zamani kuliko hospitali za miji hiyo. Katika miaka ya 1840, daktari Moritz Romberg wa Berlin alieleza wagonjwa wa uti wa mgongo walioyumba mara tu walipofumba macho, na jaribio hilo bado lina jina lake. Kwa zaidi ya karne moja baadaye usawa wa mwili ulipimwa zaidi kwa jicho la daktari, bila hesabu. Mwaka 1975 Axel Fugl-Meyer na wenzake nchini Sweden walitoa kipimo cha kiharusi chenye sehemu ya usawa iliyofikia alama 14. Mwaka 1989 Katherine Berg na wenzake nchini Kanada walichapisha kipimo kilichoenea sana. Kina majaribio 14, kila moja likipewa alama 0 hadi 4, na jumla yake ni 56. Mgonjwa husimama dakika mbili bila kushika kitu, hufumba macho kwa sekunde 10, huokota kitu sakafuni, hugeuka mzunguko mzima na husimama kwa mguu mmoja. Kipimo kilibuniwa kwa ajili ya wazee, kisha mwaka 1995 Berg na wenzake wakaonyesha kwamba kinafaa pia kwa wagonjwa wa kiharusi kipya. Mwaka 1991 kikatoka kingine kinachohitaji kiti na saa tu: mtu huinuka, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi. Mwaka 1999 madaktari wa Ufaransa wakatoa kipimo cha mambo 12 na alama 36, kwa ajili ya kiharusi peke yake. Hicho kilijaza pengo kubwa, kwani mgonjwa wa siku za mwanzo, anayegeuka kitandani kwa shida, alikuwa akipata karibu sifuri katika vipimo vingine na maendeleo yake hayaonekani.

Wakati vipimo hivi vinatungwa, Saudi Arabia ilikuwa ikijenga mahali pa kuvitumia. Idara ya afya ya umma ilianzishwa Makka mwaka 1925, na Wizara ya Afya mwaka 1951. Hospitali ya Mfalme Faisal ilifunguliwa Riyadh mwaka 1975, na ile ya Mfalme Khalid, ya Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, mwaka 1982. Utengamao wenyewe ulipata makao makubwa baadaye: Mji wa Kibinadamu wa Sultan bin Abdulaziz mwaka 2002, na Mji wa Tiba wa Mfalme Fahd, wenye hospitali yake ya utengamao, mwaka 2004, yote Riyadh. Jeddah, Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, kilichoanzishwa mwaka 1967, kina kitivo cha sayansi za utengamao.

Wataalamu wengi wa miongo ya mwanzo walitoka nje, na fomu zao zilikuwa za Kiingereza. Mgonjwa alielezwa kwa Kiarabu jambo ambalo mpimaji alilisoma kwa lugha nyingine, na maelezo yakibadilika, alama nazo hubadilika. Mavazi nayo yana sehemu yake: kanzu ndefu au abaya huficha magoti na nyayo, ambako ndiko mguu dhaifu unakojionyesha kwanza. Tena mpimaji husimama karibu, tayari kumshika mgonjwa asianguke, hivyo mwanamke kupimwa na mwanamke ni suala la stara linaloathiri pia ubora wa kipimo. Anayeona haya hasimami kama anavyoweza.

Watafiti wa Saudi Arabia nao wameshiriki kazi ya kuvihakiki vipimo hivi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud na wenzao walichapisha uchunguzi wa vipimo vitatu kwa watu walioishi na kiharusi kwa muda mrefu: kile cha Berg, kile cha kiti na saa, na kimoja cha mwendo. Vyote vilionekana vya kutegemewa. Mbao zenye vihisi, zinazoonyesha kila mguu unabeba uzito kiasi gani, hutoa hesabu za ndani zaidi. Lakini ni ghali, na haziwezi kusema kama mtu ataweza kuoga mwenyewe.

Upungufu mkubwa zaidi hauko kwenye mashine. Vipimo vilivyoenea vilitungwa kwa nyumba za viti na vitanda. Kipimo cha Berg huanza na kuinuka kutoka kitini, na hakuna hata moja kati ya majaribio yake 14 linalomtaka mtu akae sakafuni na kuinuka tena. Katika nyumba nyingi za Riyadh na Jeddah wageni hukaa kwenye zulia, chakula hutandikwa chini, na swala tano humtaka mtu asimame, arukuu, asujudu na kuinuka tena. Hadithi ya Imran bin Husayn katika Sahih al-Bukhari inamruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali akiwa amelala ubavu. Ruhusa ipo, lakini wagonjwa wengi hutamani kurudi kwenye sijda, na hamu hiyo inastahili kuandikwa kwenye jalada kama lengo la tiba.

Mgonjwa anaweza kukaribia alama 56 na bado ashindwe kuinuka kutoka kwenye msala bila kuvutwa mkono. Kwa miji hii miwili, upimaji usiogusa sakafu haujakamilika.