Siku kumi za msamaha: Aprili 2015 na vijana waliorudi kutoka Somalia

Aprili 2025 ulitimia mwaka wa kumi tangu wanamgambo wa Al-Shabaab wavamie Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kumbukumbu ziliwaelekea marehemu, na ni haki yao. Lakini mwezi ule ule wa mauaji lilitokea jambo jingine ambalo halikumbukwi na mtu, ingawa lilihusu swali linalozisumbua serikali hadi leo: raia aliyekwenda kujiunga na magaidi ng'ambo, je, aruhusiwe kurudi kwao?

Tarehe 14 Aprili 2015, siku 12 baada ya mauaji, Waziri wa Usalama wa Ndani, Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha. Waliokwenda Somalia kupata mafunzo na sasa wanataka kuachana na ugaidi walipewa siku 10 wajisalimishe katika ofisi za serikali kuu huko Garissa, Wajir, Mandera, Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River au Nairobi. Ambaye angekaa kimya angehesabiwa kuwa mhalifu. Baadaye muda uliongezwa.

Kwa waziri mwanajeshi, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa ikililia damu, lilikuwa tangazo la ujasiri. Tena lilikuwa na maana, kwa sababu si wote waliovamia Garissa walikuwa wageni. Mmoja wao alikuwa Mkenya aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake, chifu huko Mandera, alikuwa ameshapiga ripoti kwamba mwanawe ametoweka.

Safari za kwenda Somalia zilikuwa zimeanza zamani. Mwanzoni mwa 2007, baada ya majeshi ya Ethiopia kulitimua kundi la Mahakama za Kiislamu kutoka Mogadishu, watu walikimbilia mpaka wa Kenya. Serikali ya Kenya iliwakamata makumi kwa makumi, ikawapakia ndegeni na kuwarudisha Somalia, na kutoka huko wengi wakafikishwa Ethiopia. Miongoni mwao walikuwemo Wakenya, na baadhi yao walisota katika jela za Ethiopia hadi 2008. Basi jibu la kwanza la Kenya kwa raia wake aliyerudi lilikuwa kumtoa nje kwa ndege.

Mwaka 2010 Al-Shabaab ilipigwa marufuku, na Oktoba 2011 jeshi la Kenya likaingia Somalia. Mahubiri ya mtaa wa Majengo na msikiti wa Masjid Musa, Mombasa, yalizidi ukali; mhubiri Sheikh Aboud Rogo akauawa kwa risasi Agosti 2012, na mwenzake Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, Aprili 2014. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu aliyepinga siasa hizo waziwazi, naye aliuawa Likoni Juni 2014. Mashambulizi ya Westgate, Nairobi, na Mpeketoni, Lamu, kila mtu anayajua.

Basi mfikirie kijana wa Kwale aliyetoroka kambini Somalia na kujificha kwa shangazi yake Ukunda: siku ile ya tangazo la Aprili alikuwa na hesabu ngumu ya kupiga. Miezi minne tu nyuma, Desemba 2014, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao cha vurugu, ambamo Naibu Spika Joyce Laboso alimwagiwa maji. Kifungu kimoja kilisema kwamba anayekwenda katika nchi iliyotajwa na waziri kuwa ya mafunzo ya ugaidi, bila kupitia vituo rasmi vya mpakani, atachukuliwa kuwa alikwenda kufunzwa ugaidi. Kijana huyo akiingia ofisi ya kamishna wa kaunti na kusema nimetoka Somalia, amekiri kosa kwa kinywa chake. Msamaha wenyewe ulikuwa maneno ya waziri. Haukuwa na sheria iliyoeleza nani anasamehewa, makosa gani, na nani atamhifadhi.

Kijana huyo angemwendea nani kwanza? Pwani, mtu anayeogopa polisi hujua milango miwili: ya msikiti na ya mashirika ya haki. Mombasa kulikuwa na MUHURI, iliyoanzishwa 1997, na HAKI Africa. Mama aliyepotelewa na mwana alikwenda huko, aandikiwe barua, asindikizwe kituoni. Kama kulikuwa na watu wa kumshika mkono kijana na kumpeleka kwa kamishna akiwa hai, ni wao.

Lakini wiki moja kabla ya tangazo la msamaha, Inspekta Jenerali wa Polisi Joseph Boinnet alikuwa ametoa katika gazeti rasmi la serikali orodha ya watu na mashirika 86 yanayoshukiwa kuhusiana na ugaidi. Humo mlikuwa na kampuni za hawala, na mlikuwa na MUHURI na HAKI Africa. Akaunti zao zikafungwa. Tarehe 20 na 21 Aprili, siku 10 za msamaha zikiwa bado zinahesabiwa, maafisa wa Mamlaka ya Ushuru walivamia ofisi zao Mombasa na kuondoka na kompyuta na nyaraka. Yaani serikali iliwaita vijana nyumbani, na papo hapo ikawatimua waliokuwa tayari kuwapokea mlangoni.

Mashirika hayo yalikwenda mahakamani. Juni 2015 Jaji Anyara Emukule wa Mahakama Kuu ya Mombasa alisema hapakuwa na ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi. Hata hivyo akaunti zilibaki zimefungwa, na ilibidi jaji huyohuyo aamuru Novemba zifunguliwe. Kufikia hapo siku 10, na nyongeza yake, zilikuwa zimekwisha zamani. Nimesoma kesi hii zaidi ya mara moja na bado sioni mtu aliyeulizwa kuhusu mpangilio huo wa tarehe. Labda mkono wa kulia haukujua wa kushoto unafanya nini. Lakini waliolipa gharama hawakuwa wenye mikono.

Mwaka huo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikadiria kwamba waliorejea walikuwa 700 hivi. Desemba 2016 HAKI Africa ilitoa ripoti ya watu 81 waliouawa au kutoweka Pwani tangu 2012, kwa madai ya mkono wa vyombo vya usalama. Si wote walikuwa wametoka Somalia, lakini habari za aina hiyo zikifika kijijini hakuna anayejitokeza. Upande wa pili, Al-Shabaab huwaita waliotoroka wasaliti na huwawinda. Kwale, wazee wa Nyumba Kumi, mpango wa ulinzi wa majirani, waliodhaniwa kuwapa polisi majina waliuawa pia.

Wapo wasemao wasirudi kabisa, na mzazi aliyezika mtoto wa Garissa ana haki ya kusema hivyo. Uingereza ilichukua njia hiyo: Februari 2019 ilimnyang'anya uraia Shamima Begum, aliyeondoka London akiwa na umri wa miaka 15 kwenda kujiunga na magaidi ng'ambo, na mahakama zikakubali. Kenya haina mlango huo. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia nchini na kukaa popote, na uraia wa kuzaliwa hauondolewi kwa sababu ya makosa. Atarudi, apende waziri asipende. Kinachobaki ni kama atarudi mchana kupitia ofisini, ahojiwe, ashtakiwe ikibidi, au usiku kupitia msituni.

Septemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mkakati wa taifa wa kukabiliana na itikadi kali, na mwaka uliofuata kaunti za Pwani, Kwale ikiwemo, zikaandika mipango yao. Nkaissery alifariki Julai 2017. Tangazo lake la Aprili 2015 halikuwahi kugeuzwa sheria.