Pasi ya nywele: Bei nafuu isikugharimu nywele zenyewe

PASI ya nywele si tena chombo cha saluni pekee. Siku hizi huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na wengi wameona heri wanunue yao kuliko kumlipa msusi kila mara. Hata hivyo, mnunuzi hana budi kukumbuka kwamba unywele hauna uhai. Ngozi ikiungua huweza kupona, lakini unywele ulioungua hukatwa, kisha mwenyewe husubiri kwa miezi mingi, kwani hukua takriban sentimita moja tu kwa mwezi.

Kwa hivyo, jambo la kwanza kuangaliwa dukani si jina la kampuni bali kidhibiti joto. Baadhi ya pasi za bei ya chini zina swichi ya kuwasha na kuzima pekee, na mtumiaji hawezi kujua joto limefika nyuzi ngapi. Ni afadhali kuongeza pesa kidogo upate inayoonyesha nyuzi na inayojizima yenyewe ikisahaulika.

La pili ni mabamba. Kauri husambaza joto sawasawa, lakini katika pasi nyingi za bei nafuu huwa ni utando mwembamba tu juu ya chuma. Pasi ikiwa baridi, pitisha kidole: mabamba yawe laini na yakutane bila kuacha mwanya. Utando ukibambuka baadaye, acha kuitumia, kwa sababu itakwaruza na kukata nywele.

La tatu ni umeme. Stima ya Kenya ni volti 240. Pasi iliyotumwa na jamaa aliye Marekani huenda imetengenezewa volti 120 pekee, na ikichomekwa hapa itaungua. Soma maandishi yaliyo kwenye mpini. Yanayofaa ni 220-240 au 100-240. Tafuta pia alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Nyumbani, osha nywele na uzikaushe kabisa kabla ya kuzinyoosha. Zikiwa na maji, maji hayo huchemka na kugeuka mvuke ndani ya unywele, nao hudhoofika na kukatika. Ukisikia mlio wa kuchemka, simama. Paka dawa ya kukinga nywele dhidi ya joto, iache ikauke, kisha uzigawe katika mafungu membamba. Pitisha pasi mara moja au mbili bila kuituliza mahali pamoja, na usiifikishe kwenye ngozi ya kichwa.

Nywele nyembamba, zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya kulainisha zianze na nyuzi 150 za selsiasi. Nywele asilia zilizo nzito huweza kustahimili 180, na si vyema kupita 200. Wakazi wa Mombasa na miji mingine ya pwani wasiongeze joto wakidhani nywele zitakaa zaidi, kwani unyevu wa hewa huzirejesha katika hali yake hata hivyo.

Usitumie pasi karibu na maji wala kuiweka juu ya kitanda. Stima ikipotea, ichomoe papo hapo, isije ikarudi wakati hakuna mtu nyumbani. Baada ya kuizima, iweke mbali na watoto, maana mabamba hubaki moto kwa muda.

Mtu akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na siagi havifai, na malengelenge yasipasuliwe. Aliyeungua usoni, au mtoto aliyeungua, apelekwe hospitalini.