Bakasai wa Katanga: watu waliofanywa wageni

Mtu akishuka treni hapa Kamina na kuuliza Muluba ni nani, atapata majibu mawili. Muluba wa Katanga atamwamkia "Wakomapo", na wa Kasai "Moyo". Wa kwanza anamwita Mungu Vidye Mukulu, wa pili Mvidi Mukulu. Wazee wa Kasai husimulia kwamba babu zao walitoka Nsanga Lubangu, upande huu wetu wa Katanga. Basi yule anayeitwa mgeni kwetu, mapokeo ya wazee wake yanasema ndiko alikotoka. Tunaanza hapo, kwa sababu mabaya yote yaliyofuata yamesimama juu ya neno moja: mgeni.

Walirudi namna gani? Union Minière iliundwa mwaka 1906, na watu wa kuchimba shaba hawakutosha katika Katanga ya kusini. Kompani ikatafuta mikono Rhodesia, Ruanda-Urundi, Lomami na Kasai. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. ilifika Port-Francqui, nayo njia ya Kasai ikafunguka kabisa. Bakasai wakawa makarani, walimu, mafundi, watu wa reli. Wazungu waliwasifu kwa akili na bidii. Na tunajua sifa ya mkoloni ilikuwa mara nyingi deni ambalo mwingine alilipa.

Hatusemi kwamba manung'uniko ya wenyeji yalikuwa uongo. Mwezi wa Desemba 1957, katika uchaguzi wa komini za Elisabethville, wengi wa wakubwa weusi waliopata kiti walikuwa wametoka nje ya Katanga. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kikaundwa. Kijana wa Sandoa aliyekosa kazi, akaona mezani karani wa Kasai, alikuwa na neno la kusema. Lakini kuwa na neno si ruhusa ya kuchoma nyumba ya jirani.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Hapa sisi wa Kamina tukumbuke vizuri, maana wengi wanapenda kuruka ukurasa huu. Baluba wa Katanga, wale waliomfuata Jason Sendwe na chama cha Balubakat, walipigwa na majandarma wa Tshombe, na vijiji vyao vikateketezwa. Mwaka 1961, kule Elisabethville, Baluba wa Kasai na Baluba wa Katanga walikimbilia kambi moja, makumi ya maelfu ya watu, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walikula njaa moja. Mwaka 1962 wakasafirishwa, hawa Kasai, hawa kaskazini ya Katanga.

Ikapita miaka thelathini. Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Muluba wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wetu alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Muluba wa Katanga, wa chama cha Uferi. Katika mikutano Bakasai waliitwa bilulu, ndio kusema vidudu. Mwaka huo walifukuzwa Likasi. Mwezi wa Machi 1993, Kolwezi. Waliofukuzwa walikuwa malaki ya watu. Wengi walizaliwa katika kambi za Gécamines na hawakuwa wameona Kasai hata siku moja. Walilala majuma na miezi kwenye gare wakingoja treni, bila maji safi, na magonjwa yakachukua watoto wadogo kwanza. Na treni yo yote ya kutoka kule kwenda Mwene-Ditu haina njia nyingine: sharti ipite Kamina.

Wapo watu wa mbali wanaofanana nao. Mayazidi wa Iraki wanasali Lalish, kwenye kaburi la Sheikh Adi, na wanamheshimu Malaika Tausi. Jirani zao waliwaita waabudu shetani kwa karne nyingi. Wenyewe wanahesabu maangamizi 74, la mwisho likiwa lile la tarehe 3 Agosti 2014 katika mlima wa Sinjar, wanaume walipouawa na wanawake wakauzwa kama watumwa. Kule pia jina lilitangulia, kisu kikafuata. Lakini Mayazidi waliuawa na watu wa dini nyingine. Sisi hatuna kisingizio hicho. Katika Katanga aliyefukuza na aliyefukuzwa walikuwa wamebatizwa maji mamoja. Kolwezi ndiko ilikozaliwa Jamaa ya Padri Placide Tempels, katika kambi ya Musonoi, ambamo watu wa makabila mbalimbali walijifunza kuitana baba na mama! Mseminari anayesoma teolojia ya Eklezia asipite jambo hili mbio.

Tunaliandika sasa kwa sababu. Miaka hii ya karibuni Bakasai wengi wameshuka tena kutafuta maisha katika Katanga, vijana hasa, na maneno ya zamani yamerudi vinywani. Wanaoyasema ni vijana ambao mwaka 1992 hawakuwa wamezaliwa. Nani aliwafundisha, kama si nyumba zetu?

Tunaomba basi mapadri na makatekista wa parokia zote za reli, toka Likasi mpaka Kaniama, wafungue vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya kabla ya 1992, watafute familia ambazo majina yao yanakatika ghafula. Tena wawaulize wazee wa reli ni wapi walizikwa waliofia njiani, waandike pahali na jina kama linajulikana, ili Misa ya wafu ya mwezi wa Novemba isomwe na majina hayo.