MTUNGI WA KWAPA: HISTORIA YA KILABU CHA AJONO



Katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, tumeona vema tuandike habari za kilabu cha pombe ya wimbi. Wengine watauliza, pombe nayo ni historia? Ndiyo. Sisi tuliovuka mpaka wa Malaba mwaka 2008, kabla ya kupelekwa Mulanda, tuliwafahamu wenyeji wa Kwapa kwanza penye mtungi.

Wateso huiita pombe hiyo ajono. Wengi nchini Uganda husema malwa. Unga wa wimbi hulowekwa, huachwa uchachuke, hukaangwa na kuanikwa, kisha hutiwa kimea na maji. Baada ya siku chache huwekwa mtungini na kumiminiwa maji ya moto. Watu huketi kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Hapo zamani hapakuwa na kilabu. Ajono ilipikwa nyumbani wakati wa mavuno, mahari na matanga, na kuwashukuru majirani waliosaidia kulima. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha mpaka, Wateso wakagawanywa kati ya Uganda na Kenya. Lakini desturi ya mtungi ilibaki moja. Baadaye pamba, reli na kiwanda cha saruji cha Tororo katika miaka ya 1950 vilileta fedha mikononi mwa watu. Akina mama wakapata wanunuzi, na ua wa nyumba ukageuka kilabu.

Kilabu kina sheria zake. Mrija hushikwa kwa mkono wa kuume. Ni mwiko kupuliza ndani ya mtungi. Vikundi vingi vina mwenyekiti na mweka hazina. Mgomvi hutozwa faini, na aliyefiwa huchangiwa.

Hapa kambini tumebeba pombe, sheria tumeziacha nyuma. Mgao wa nafaka unageuzwa pombe kali ya kunywewa gizani, na asubuhi watoto wanaingia darasani na njaa. Hatuwalaumu akina mama wapikaji peke yao, kwani wengi wao wanatafuta karo. Tunawaomba wazee, kamati na wafanyakazi wa mashirika tukae pamoja tulizungumze jambo hili, kama watu wa mtungi mmoja.