Fedha Mwilini: Historia ya Dawa Iliyobadili Rangi ya Ngozi

Katika tiba ya Ulaya, fedha ililetwa na mwezi kabla ya kuletwa na maabara. Wanaalkemia, yaani wale waliotafuta njia ya kugeuza metali duni kuwa dhahabu, walikuwa wamekabidhi kila metali sayari yake, fedha ikaangukia mwezi. Na kwa kuwa mwezi uliaminika kutawala ubongo, fedha nayo ikahesabiwa dawa ya maradhi ya ubongo, hasa kifafa. Imani hiyo ilidumu muda mrefu baada ya alkemia yenyewe kufa. Hata katika karne ya 19, madaktari waliojiona watu wa sayansi waliendelea kuwamezesha wagonjwa wa kifafa vidonge vya naitreti ya fedha, chumvi inayopatikana kwa kuyeyusha fedha katika asidi ya naitriki, kwa miezi na pengine miaka. Wajerumani waliiita chumvi hiyo jiwe la jehanamu, na jina hilo liliifaa, kwa maana kijiti chake kikigusishwa kwenye chunjua au kidonda huunguza nyama na kuiacha nyeusi.

Wagonjwa hao hawakufa kwa fedha, wala wengi wao hawakulalamika maumivu yoyote, na hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipojificha. Baada ya muda mrefu wa matibabu, ufizi ulianza kupata mstari wa kijivu, kisha weupe wa macho na mizizi ya kucha vikaingia ubuluu, na mwishowe uso, shingo na migongo ya mikono vikawa na rangi ya risasi au ya wingu la mvua, huku ngozi iliyofunikwa na nguo ikibaki karibu na rangi yake ya awali. Hali hii huitwa argiria, kutokana na neno la Kigiriki la fedha. Daktari aliyeiona dalili ya kwanza na kusimamisha dawa alikuwa amekwisha kuchelewa, kwa sababu fedha iliyokwisha kutua ndani ya ngozi haitoki tena kwa njia ya kawaida.

Sababu ya uso kuathirika kuliko tumbo au mgongo ni mwanga. Sehemu kubwa ya fedha inayomezwa hutoka na kinyesi, lakini kiasi kidogo hupenya utumbo, huingia katika damu kikiwa kimeshikamana na protini, na hutawanyika hadi kwenye ini, figo na ngozi. Mwanga wa jua ukiipiga ngozi hiyo, chumvi za fedha hugeuka chembe ndogo mno za metali, mageuzi yale yale yaliyomwezesha Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, kunasa picha kwenye bamba lililopakwa fedha, ufundi uliotangazwa mwaka 1839. Si kutia chumvi kusema kwamba mgonjwa wa argiria ni bamba la picha linalotembea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown uliochapishwa mwaka 2012 uliongeza kwamba chembe hizo haziishii hapo, bali huungana na salfa, na salfa hiyo hupisha seleni, na mchanganyiko huo ni mgumu kuyeyuka. Ndiyo maana rangi hudumu.

Hata hivyo, fedha hiyo hiyo ilistahili shukrani. Katika karne ya 19 watoto wengi wa Ulaya walipofuka siku chache baada ya kuzaliwa, kwa kuwa vijidudu vya kisonono viliingia machoni mwao wakipita njia ya uzazi, macho yakajaa usaha na konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ikaharibika. Carl Credé, mkunga-tabibu wa Leipzig, alianza mwaka 1880 kuchukua kijiti cha kioo, kukichovya katika maji yenye asilimia 2 ya naitreti ya fedha, na kudondosha tone moja tu katika kila jicho la mtoto mchanga. Maradhi hayo, ambayo katika hospitali yake yalimpata takriban mtoto mmoja kati ya kumi, yalishuka hadi chini ya mmoja kwa mia. Tone moja, mara moja maishani, halina uwezo wa kumgeuza mtu rangi; vidonge vya miaka mitatu vinao.

Somo hilo la kipimo lilichelewa kueleweka, na biashara ilichangia. Mwaka 1902 daktari wa Philadelphia, Albert Barnes, pamoja na mkemia Mjerumani Hermann Hille, waliingiza sokoni Argyrol, fedha iliyofungwa na protini ili isiwashe macho kama naitreti. Upole wake ulikuwa ndio hatari yake, kwani dawa isiyouma hutumiwa bila kuhesabu: watu waliidondosha puani kila walipopata mafua. Barnes alitajirika, akanunua michoro ya Renoir, Cézanne na Matisse, akaiuza kampuni mwaka 1929. Kufikia mwaka 1939, watafiti Hill na Pillsbury walikuwa na visa vya kutosha kuandika kitabu kizima juu ya argiria.

Kutokana na visa vya aina hiyo, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba jumla ya gramu 10 hivi katika maisha yote ya mtu haileti madhara. Ajabu ni kwamba baada ya antibiotiki kuiondoa fedha hospitalini, ilirudi kwa mlango wa nyuma ikiitwa fedha ya koloidi, maji yenye chembe zake zinazoelea, yakisifiwa kuponya karibu kila kitu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua mwaka 1999 kwamba bidhaa hizo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kufanya kazi. Stan Jones, aliyegombea useneti wa Montana mwaka 2002, alikuwa amejitengenezea yake nyumbani akihofu kwamba kompyuta zingekwama mwaka 2000 na antibiotiki kuadimika. Alifanya kampeni akiwa na uso wa kijivu-buluu.

Mahali ambapo fedha imebaki na heshima ni kwenye majeraha ya moto, kwa krimu ya salfadiazini ya fedha aliyoianzisha Charles Fox mwaka 1968, ambayo wauguzi wa Afrika Mashariki nao huifahamu vizuri. Krimu hiyo haipakwi watoto wachanga wasiotimiza miezi miwili, na kosa safari hii si la fedha: ni dawa ya salfa iliyofungamana nayo ndiyo inayoweza kusukuma manjano ya damu hadi ubongoni mwao.